Intaneti isiyo na mlango wa uani

Ukimwomba mtu wa Luberizi namba yake ya simu, usishangae akikuuliza kwanza: "Ya wapi?" Anayo ya Kongo, ya Vodacom au ya Airtel. Anayo ya Burundi, mara nyingi Lumitel. Na kama biashara zake zinampandisha hadi Kamanyola, ambako ng'ambo ya mto ni Bugarama, huenda anayo na ya Rwanda. Wala si majivuno. Luberizi iko katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayoshuka kutoka Bukavu hadi Uvira, na mtu akitoka shambani akaelekea mtoni, simu yake inaiacha Kongo yenyewe na kushika Burundi. Mawimbi hayaulizwi kitambulisho mpakani.

Mimi niko Drammen, mji wa mto na reli karibu na Oslo. Huku nina laini moja, na hakuna aliyewahi kuniuliza ni ya wapi. Majira ya joto saa yangu na saa ya nyumbani ni ile ile. Majira ya baridi wao wananitangulia kwa saa moja tu. Kwa hiyo nikishika simu asubuhi, na wao wameshika zao, na kwa miaka nimekuwa nikitazama jinsi chombo kile kile kinavyoishi maisha mawili yasiyofanana.

Wanaolinganisha huku na nyumbani huanza na kasi na bei. Kwa hayo sina mengi. Norway intaneti inalipwa kwa mwezi, benki inakata yenyewe, na baada ya hapo hakuna anayeikumbuka. Nyumbani mega zinanunuliwa kwa kadiri ya mfuko wa siku hiyo: za saa moja, za usiku, za WhatsApp peke yake. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anazima data kila akimaliza kusoma ujumbe, na video haifungui mpaka ajiulize kwanza kama aliyeituma ni mtu wa kutuma vitu vya maana. Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti iliweka lengo kwamba kufikia 2025 huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Mwambie hayo muuza nyanya wa Sange, bondeni kwetu, ambaye pato lake la mwezi halijui kwa sababu hajawahi kuliona likiwa pamoja.

Na serikali nayo ilitaka fungu lake. Mwaka 2020 Kinshasa ilianzisha RAM, daftari la kuandikisha simu zote nchini, na ada yake ikawa inakatwa moja kwa moja kwenye unite (salio la simu) za wananchi: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya kisasa, dola 1 kwa kile kisimu cha vitufe. Mtu alinunua unite, na kabla hajapiga zilikuwa zimeshapungua. Kelele zilizopigwa, bungeni na barabarani, zilifanya ada hiyo ifutwe mwanzoni mwa 2022. Sijui kodi nyingine ya Kongo iliyoondolewa kwa kasi hiyo, na nadhani sababu ni kwamba hii kila mtu aliiona ikitoka mfukoni mwake, mkulima na profesa kwa pamoja.

Basi, kasi na bei tuziache. Kinachonishughulisha ni idadi ya milango.

Mama mdogo wangu ana kabini kando ya barabara, pale malori ya Uvira yanapopunguza mwendo. Ni meza ya mbao, mwavuli wenye rangi ya kampuni ya simu, visimu kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa raba, na daftari la shule lenye kalamu iliyofungiwa uzi ili isitembee. Hapo watu wananunua unite, wanatuma na kutoa pesa. Nimekaa naye pale nikamtazama akimhudumia mzee aliyekuja kuchukua dola alizotumiwa na mwanawe wa Bukavu. Mzee hasomi. Alimpa mama mdogo simu yake, naye akamsomea ujumbe kwa sauti ya chini, kiasi na jina la aliyetuma. Ilipofika namba ya siri, akamrudishia simu na kugeuza uso kuelekea barabarani. Aliugeuza kwa kuonyesha, shingo nzima, ili mzee na watu wote waliokuwa kwenye foleni waone kwamba ameugeuza. Mzee akabofya polepole kwa kidole gumba. Kisha ikaja kazi ya noti: mama mdogo anainyoosha dola juani, anatafuta mchaniko ukingoni, na mzee naye anaitafuta upya baada yake, maana kwetu dola iliyochanika kiasi cha ukucha haipokelewi sokoni, hata kama Marekani kwenyewe wangeipokea bila neno. Nadhani ni moja ya sababu watu walizipenda pesa za simu upesi hivyo. Dola iliyomo ndani ya simu haichaniki.

Huduma hiyo, M-Pesa ya Vodacom, iliingia Kongo mwaka 2012, miaka 5 baada ya Kenya, na tangu hapo mtu anaweza kuwa na akaunti ya faranga na ya dola katika laini moja. Vipps, programu ya simu ambayo Wanorway wanaitumia kulipana na ambayo wanaiona kama alama ya maendeleo yao, ilianza 2015. Nikiwaambia wenzangu kazini kwamba Wakongo walikuwa wakitumiana pesa kwa simu kabla yao, wanacheka kwa adabu, wakidhani nimetia chumvi. Wengi wao wakisikia Kongo wanachojua ni koltani, kwamba madini ya simu yanatoka kwetu. Kwamba na simu zenyewe tunazitumia, tena kwa ufundi, hilo halimo katika habari walizosoma.

Lakini angalia tofauti. Mtandao ukianguka Luberizi, na unaanguka, mama mdogo anafungua daftari. Anaandika jina, kiasi, saa. Anayemfahamu anampa nusu leo, salio kesho mtandao ukirudi. Asiyemfahamu anauliza nani anamfahamu, na daima yupo. Huduma ya kampuni ni mlango wa mbele; daftari ni mlango wa uani. Nyumba ya kwetu hujengwa na milango yote miwili: wa mbele kwa wageni, wa uani kwa jirani, kwa mtoto aliyetumwa chumvi, na kwa kukimbilia siku ambayo wa mbele haupitiki.

Norway wamejenga nyumba nzuri mno yenye mlango mmoja. Mlango huo unaitwa BankID, kitambulisho cha kidijitali ambacho mabenki yalikianzisha mwaka 2004. Kwa BankID unafungua akaunti yako, unasaini mkataba wa nyumba, unasoma barua za kodi, unaona majibu ya maabara. Mgeni aliyefika juzi, ambaye bado hana namba ya taifa wala akaunti ya benki, hana BankID, na bila BankID karibu kila anachokigusa kinamwambia arudi alikotoka. Nimewasindikiza watu wetu kadhaa katika mzunguko huo, ofisi hii ikiwatuma ile na ile ikiwarudisha hii, na mtu aliyevuka nchi tatu kwa miguu akashindwa na kisanduku cha kujaza namba.

Nisiwadhulumu, hata hivyo. Ukishaingia, ni raha. Fomu ya kodi inakuja imeshajazwa, unaisoma, unakubali, basi. Daktari akiandika dawa, duka lolote la dawa nchini linaiona. Na hakuna mtu katika msururu wote huo anayekuambia mkubwa ametoka kidogo, au anayeomba ya soda. Nyumbani, kwa karatasi moja ya kuzaliwa, yaya wangu alishuka Uvira zaidi ya mara moja, na kila kiti kilikuwa na bei yake. Anayesema mashine zinaua utu hajawahi kusubiri muhuri Kongo. Mimi ningeichukua mashine ya kodi ya Norway leo hii nikaiweka Luberizi, kama kungekuwa na umeme wa kuiwasha.

Umeme nao una kisa chake. Mto Ruzizi ndio unaozungusha mitambo ya Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili, iliyokamilika 1989 na inayomilikiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi. Maji yakishazalisha umeme huko juu karibu na Bukavu, yanateremka bondeni kutupitia sisi, tunamwagilia mpunga. Umeme wenyewe, kwa nyumba nyingi za bonde, haukushuka nayo. Simu zinachajiwa kwa sola: nyumbani kama una paneli yako, au kwa kijana mwenye kibanda, betri ya gari chini ya meza na ubao wa soketi juu yake. Kila simu inabandikwa kipande cha plasta chenye namba, na wewe unapewa kipande chenye namba hiyo hiyo. Ukikipoteza, kijana anakuuliza picha iliyo kwenye kioo ni ya nani.

Huku, simu ikizima, mtu amezima nayo. Tiketi ya basi imo humo, na dereva hapokei pesa. Zamu ya chumba cha kufulia imo humo. Katika majengo mapya hata mlango wa kuingilia unafunguliwa kwa simu, na betri za simu hazipendi baridi ya Januari. Nimemwona bibi mmoja, jirani yangu, amesimama kwenye maegesho mbele ya kituo cha afya, sarafu mkononi, akizunguka kibao kinachomwambia apakue programu. Sarafu zile zilikuwa pesa halali za Norway. Hapakuwa na tundu la kuzitia.

Wanorway wenyewe wameanza kushtuka. Mwaka 2024 idara yao ya ulinzi wa raia, DSB, ilipeleka kijitabu cha karatasi katika kila nyumba nchini, kikiwaambia watu wajiandae kuishi wiki nzima bila msaada: maji, chakula kisichooza, tochi, betri za akiba za simu, redio isiyotegemea umeme wa ukutani, na pesa taslimu kidogo. Kikawashauri pia wazungumze na majirani, wajue nani anaweza kumsaidia nani. Oktoba mwaka huo huo ikaanza kazi sheria inayowabana wenye maduka wasikatae noti na sarafu za wateja. Na tarehe 28 Aprili 2025 Uhispania na Ureno zikaingia gizani kwa siku karibu nzima, kadi za benki zikawa plastiki tupu, na watu wakawa wanatafuta redio za betri madukani.

Nilimsomea yaya orodha ya kile kijitabu kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa hayo si ndiyo maisha?"

Katika orodha hiyo, redio ndiyo iliyonifanya nifikiri zaidi. Norway ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuzima FM ya vituo vya taifa: ilianza Januari 2017 upande wa kaskazini, ikamaliza Desemba mwaka huo huo, na redio za zamani katika magari na vibanda vya likizo zikabaki kukoroma. Teknolojia mpya, walisema, ina sauti safi na vituo vingi. Ni kweli. Nyumbani hakuna ambaye angethubutu. Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa na shirika la Fondation Hirondelle Februari 2002, na Radio Maendeleo ya Bukavu, iliyozaliwa 1993, zimepita katika vita, njaa na serikali kadhaa kwa kisanduku kidogo chenye betri mbili. Ukilima unaisikia, ukipepeta mpunga unaisikia, haikuombi mega wala namba ya siri. Na haijui kwamba umeisikiliza, jambo ambalo kwetu si dogo. Waliofanya kazi ya redio hizo waliilipia. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa kwa risasi Bukavu Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo mwaka uliofuata.

Sasa nifike kwenye swichi, ile inayozima mtandao. Huku Ulaya, nikisikiliza mijadala ya kesho ya intaneti, wanazungumzia akili bandia, miwani ya ajabu, magari yasiyo na dereva. Sijasikia sana wakiuliza swichi iko kwa nani. Mkongo hana haja ya kuuliza. Mwaka 2011, baada ya uchaguzi wa Novemba, serikali ilizima meseji za simu nchi nzima kwa wiki tatu au zaidi. Januari 2015, maandamano ya kupinga sheria ya uchaguzi yalipoanza, intaneti ikakatwa. Desemba 31, 2017, siku ya maandamano ya Wakatoliki, ikakatwa tena. Na Desemba 31, 2018, siku moja baada ya kura, ilikatwa na haikurudi mpaka siku kama 20 zilipopita, matangazo ya RFI, redio ya Ufaransa, nayo yakanyamazishwa. Nchi nzima ilipokea mwaka mpya bila kujua nani ameshinda, na sisi tulio nje tukaupokea bila kujua nani mzima.

Ila bonde letu halikuzimika lote. Aliyekuwa na laini ya Burundi alitembea kuelekea mtoni, akasimama pale mawimbi ya Cibitoke, upande wa Burundi, yanapofika, na akapata WhatsApp. Bukavu na Goma walifanya vivyo hivyo kwa laini za Rwanda. Katika siku hizo, aliyekuwa na habari ni aliyeishi pembezoni, karibu na mpaka. Aliye mbali na mpaka, hata mwenye simu ya gharama, alikaa gizani. Ndiyo maana naichukulia laini ya pili ya mtu wa Luberizi kwa uzito mkubwa kuliko mitambo mingi inayosifiwa huku. Haikubuniwa na mhandisi. Ilibuniwa na watu wanaojua kwamba swichi ina mwenyewe.

Starlink, intaneti ya setilaiti, imekuwa mfano mzuri wa hilo hilo. Mamlaka ya mawasiliano ya Kongo iliipiga marufuku Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Wako wanaoamini kwamba mbingu itatuondolea tatizo la swichi. Mimi naona swichi imehamishwa tu, kutoka Kinshasa hadi kwa kampuni ya tajiri mmoja wa Marekani. Kama njia ya tatu au ya nne, karibu sana. Kama njia pekee, hapana.

Desemba 2025 nilijua thamani ya laini ya pili kwa namna ambayo nisingependa kuijua. Vita vilikuwa vimeshafika Bukavu Februari mwaka ule, na Kamanyola baada yake. Mwanzoni mwa Desemba vikateremka bonde, na tarehe 10 waasi wa M23 wakaingia Uvira. Jumbe zangu zote kwa yaya zikabaki na tiki moja. Namba ya Vodacom haikuita. Ya Airtel haikuita. Huku theluji ikianguka dirishani, intaneti yangu ikiwa na kasi isiyo na kazi, nikawa napiga namba za Kongo kwa zamu kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Siku ya tatu ikaita ile ya Burundi, namba ambayo kwenye simu yangu nilikuwa nimeiandika "yaya mto". Alikuwa amevuka na watoto, kama maelfu ya wengine. Mazungumzo hayakufika dakika mbili kwa sababu unite zilikuwa za kuazima kwa mtu waliyekuwa naye njiani. Zilitosha kuhesabu watoto.

Lakini simu haileti msaada, inaita tu. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, Mutarule, jirani na kwetu, watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wao wakiwa katika ibada ya nje. Human Rights Watch iliandika mwezi uliofuata kwamba wanajeshi wa serikali na walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa kilomita chache kutoka pale, walijulishwa, na hawakwenda. Mawimbi yalikuwapo usiku ule. Wanaokuja kutuuzia programu za kutoa tahadhari vijijini, na wanakuja wengi, nawaomba waanze na swali hilo kabla ya kuonyesha michoro yao: nani yuko upande wa pili wa simu, na atakuja?

Upande wa pili wa simu tupo na sisi, diaspora, na hapa sina budi kusema jambo ambalo halitapendwa. Sisi wenye intaneti isiyo na kikomo ndio tunaowajazia simu wenye mega mia. Mtu ameketi Oslo, Minneapolis au Brussels, ameshiba, ana joto, anarekodi sauti ya dakika kumi na mbili akitukana kabila la jirani, anaituma katika magrupu manane. Luberizi yupo anayelipia mega kuisikiliza, na akishaisikiliza anatoka nje na kukutana uso kwa uso na huyo jirani, kisimani. Bafuliiru, Banyamulenge, Barundi, Babembe, Bavira: wote wana ndugu nje, na katika kila upande wako wenye midomo hiyo. Sauti ina nguvu kuliko maandishi kwa sababu mzee asiyesoma anaisikia mwenyewe, bila mkalimani. Ndiyo faida yake kubwa, na ndiyo sumu yake. Huku angetuma kitu kama hicho kuhusu jirani yake Mnorway, polisi wangegonga mlango. Kwetu anaitwa mtetezi wa jamii.

Na sauti ndiyo kesho ya intaneti ya bonde letu, sina shaka. Bibi zetu waliruka kutoka foni, ile redio ya masafa iliyokuwa misheni na kwenye maduka ya wafanyabiashara, ambayo ukiongea kijiji kizima kinasikia, wakatua moja kwa moja kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Barua pepe hawakuipitia na hawataipitia. Sasa zinakuja mashine zinazosikia na kujibu. Zinaongea Kiswahili, tena kizuri, ila ni cha Dar es Salaam. Ukisema "nitakubipu nikipata unite" hazina hakika. Mwaka 2022 Meta ilitoa mtambo wake wa kutafsiri lugha 200. Kinyarwanda kimo, Kirundi kimo, Lingala imo. Kifuliiru cha bonde letu hakimo. Mtoto wa Luberizi atakayeiuliza mashine kuhusu ugonjwa wa mihogo atalazimika kwanza kubadili lugha, na mama yake, ambaye ndiye mwenye shamba, atakuwa amesimama pembeni akisubiri kutafsiriwa. Hilo linaweza kurekebishwa, na si lazima warekebishe watu wa California. Wazee wapo, simu zipo, vijana wa kurekodi wapo.

Nikiulizwa basi ipi bora, ya huku au ya nyumbani, jibu langu ni kwamba Norway wana intaneti bora na Luberizi wana watumiaji bora. Wa huku wakikatiwa siku mbili hawatajua waanzie wapi. Wamesahau namba za simu za watoto wao wenyewe. Wa kwetu wamekatiwa mara nyingi mno kiasi kwamba kukatika kumo katika mpango. Sisemi umaskini ni shule. Laini tatu ni gharama mara tatu, kutembea hadi mtoni na giza ni hatari, na hakuna mama anayestahili kutafuta mtandao akiwa na mtoto mgongoni. Nasema tu kwamba siku serikali ya Kongo itakapotuletea kitambulisho cha kidijitali na huduma zake zote kwenye simu, jambo linalozungumzwa sana Kinshasa, waende Drammen wajifunze ile fomu ya kodi, kisha warudi kwa mama mdogo wajifunze daftari. Huduma yoyote isiyoweza kutolewa kwa karatasi siku mtandao umelala isipitishwe.

Na ninyi wenzangu mlio nje, kabla ya kumtumia mtu simu mpya ya kuonyeshana, mtumieni kwanza redio ya sola na pesa ya laini ya pili. Wekeni unite katika namba ya ng'ambo ya mto hata kama haitumiki, maana nyingine hufungwa zikikaa kimya muda mrefu. Kataeni kusambaza sauti msiyojua imetoka kwa nani. Kisha chukueni kalamu mziandike namba zote za nyumbani kwenye karatasi, za Kongo na za Burundi, na karatasi hiyo isikae ndani ya simu.